Lahani ya Mfalme: Imani, Akili na Muziki katika Ulaya ya Karne ya 18

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa walimu na waimbaji wa kwaya. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wachungaji na mapadre mliopo, walimu wenzangu, waimbaji wa sauti zote nne, mabibi na mabwana, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumze juu ya imani, akili na muziki katika Ulaya ya karne ya 18. Aliyeniomba ananifahamu vizuri, ndiyo maana ameketi karibu na swichi ya kipaza sauti. Kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika kisa.

Jioni ya Jumapili, tarehe 7 Mei 1747, Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, dola ya Wajerumani, alikuwa katika jumba lake la Potsdam, karibu na Berlin, akijiandaa kupiga filimbi pamoja na wanamuziki wake, kama ilivyokuwa desturi yake ya jioni. Alikuwa na umri wa miaka 35. Baba yake, mtu wa dini kali na jeshi, alikuwa amemkataza filimbi ujanani, naye akaipiga kwa siri. Sasa baba amekufa, mwana ndiye mfalme, anaandikiana barua na Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa, na pembezoni mwa hati moja ya serikali amekwisha kuandika kwamba katika nchi yake kila mtu aokoke kwa namna anayoipenda mwenyewe. Jioni hiyo akaletewa orodha ya wageni walioingia mjini. Akaisoma, kisha akawageukia wanamuziki: "Mabwana, mzee Bach amefika." Ndivyo alivyokisimulia kisa hiki mwandishi wa kwanza wa maisha ya Bach, mwaka 1802.

Sisi tukimwita mtu mzee, tunampa heshima. Nadhani katika jumba lile neno hilo lilikata pande mbili. Johann Sebastian Bach alikuwa na umri wa miaka 62, mwalimu wa kwaya katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, na watu wa mjini waliojiona wa kisasa walikuwa wamekwisha kumweka kabatini. Mwanawe, Carl Philipp Emanuel, ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa mfalme. Mzee akaitwa kabla hata hajabadilisha nguo za safari, akazungushwa chumba baada ya chumba ajaribu piano mpya alizozinunua mfalme, kisha akaomba apewe lahani, yaani tuni fupi, ili abuni fuga juu yake. Mfalme akampa.

Kwa wasioijua fuga, nieleze kidogo. Sauti moja hutangulia na lahani peke yake. Ya pili huingia na lahani ileile huku ya kwanza ikiendelea na safari yake. Ya tatu hufuata, na kadhalika, wala hakuna sauti iliyo mtumishi wa nyingine, na bado ni lazima zipatane kila zinapokutana. Kuiandika fuga ya sauti tatu ni kazi. Kuibuni papo hapo, juu ya lahani uliyoisikia dakika moja iliyopita, ni kazi ya wachache sana. Tena lahani ya mfalme ilikuwa ngumu, kwa kuwa katikati yake ilishuka nusu hatua kwa nusu hatua, mahali ambapo sauti zinazofuata hupata taabu ya kukanyaga. Wapo wanaoshuku kwamba ulikuwa mtego. Bach akaketi, akapiga fuga ya sauti tatu. Mfalme akataka ya sauti sita. Mzee akajibu kwamba si kila lahani inafaa kwa sauti sita, akachagua yake mwenyewe, akaipigia hiyo.

Sasa nawauliza, walimu wenzangu: katika chumba kile, nani alikuwa mtu wa imani na nani alikuwa mtu wa akili? Jibu la haraka ni rahisi, kwa kuwa Bach ni wa kanisa na mfalme ni wa falsafa. Lakini sikilizeni muziki wao. Mtu wa imani ndiye aliyepiga hesabu, aliyepanga sauti kama fundi anayepanga meno ya magurudumu ya saa. Mtu wa falsafa ndiye aliyependa lahani moja tamu juu na besi ikiisindikiza chini, muziki unaougusa moyo bila kuisumbua akili. Je, hatukutarajia kinyume chake? Nami nimekuja kuwaambia hivi: mkisikia kwamba akili iliifukuza imani kutoka katika muziki wa karne ile, msikubali upesi, kwa sababu wakati mwingi imani na akili zilikaa ndani ya mtu mmoja, na mara nyingine zilibadilishana nguo.

Turudi nyuma miaka 24. Mwaka 1723, Bach alipohamia Leipzig, katika mji jirani wa Halle alikuwako profesa wa falsafa aliyeitwa Christian Wolff. Miaka miwili kabla ya hapo Wolff alikuwa ametoa hotuba akisema kwamba Wachina, wakimfuata Konfusio, mwalimu wao wa kale, waliweza kuyafikia maadili mema kwa akili yao ya asili bila ya ufunuo wa Biblia. Wanatheolojia wa Halle walikuwa Wapietisti, yaani watu waliosisitiza toba na uchaji wa moyo, nao wakachukia. Inasimuliwa kwamba mfalme wa wakati ule, baba yake Friedrich, alielezwa kuwa kwa falsafa ya Wolff askari anayetoroka jeshini hawezi kuadhibiwa, maana kutoroka kwake kulikwisha kupangwa tangu mwanzo. Hoja ya askari ilimwingia mfalme kuliko hoja ya Konfusio. Mnamo Novemba 1723 Wolff akaamriwa aondoke Prussia katika muda wa saa 48, la sivyo anyongwe. Akaondoka. Mwaka 1740 Friedrich alipotawazwa, mojawapo ya mambo yake ya kwanza lilikuwa kumrudisha.

Huo ndio ulimwengu ambamo Bach alitunga kantata zake, yaani tungo za ibada za waimbaji na vyombo, katika miaka ya kwanza karibu moja mpya kila Jumapili. Ibada ya Leipzig ilichukua saa nyingi na mahubiri yenyewe yalikaribia saa nzima, nayo kantata iliimbwa kabla ya mahubiri, na nyingine au sehemu yake iliyobaki ikaja baadaye. Muziki ule ulikuwa mahubiri ya pili. Mwanzoni mwa karatasi zake za nota Bach aliandika herufi zenye maana ya "Yesu, nisaidie", na mwishoni herufi zenye maana ya "Utukufu kwa Mungu peke yake". Biblia yake yenye maelezo, mabuku matatu, iligunduliwa huko Michigan nchini Marekani mwaka 1934, na ndani yake mna maandishi ya mkono wake. Katika Kitabu cha Pili cha Nyakati, pale waimbaji wa hekalu wanapopaza sauti kama mtu mmoja na nyumba ikajaa wingu, ameandika pembeni kwamba penye muziki wa ibada Mungu yupo daima pamoja na neema yake.

Je, mtu huyu aliiogopa akili? Mwezi mmoja tu baada ya safari ya Potsdam, Juni 1747, alijiunga na Chama cha Sayansi ya Muziki cha Lorenz Mizler, mwanafunzi wake wa zamani na mfuasi wa falsafa ya Wolff yuleyule, ambacho wanachama wake waliuchunguza muziki kwa hesabu na hoja. Bach aliwasilisha kwao kazi iliyojengwa juu ya wimbo wa Krismasi wa Luther, akiuzungusha katika kanoni, sauti moja ikiifuata nyingine kwa umbali uliopimwa. Wimbo wa watoto wa Krismasi na hesabu ngumu, katika karatasi moja. Kwake yeye mpango wa sauti ulikuwa sehemu ya mpango aliouweka Muumba, na kuufuata kwa akili yote ilikuwa ni kusujudu.

Lakini ladha ya watu ilikuwa inageuka, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana hapa ndipo penye utamu. Mwezi Mei 1737 kijana mmoja wa Hamburg, Johann Adolph Scheibe, alichapisha katika gazeti lake la muziki shutuma dhidi ya mtunzi mkubwa wa Leipzig bila kumtaja jina. Alisema mtu huyo angekuwa fahari ya mataifa kama angekuwa na mvuto zaidi, kama asingeunyima muziki wake uasilia kwa mtindo uliovimba na kuchanganyikiwa, na kama asingeutia giza uzuri kwa wingi wa ufundi. Akalalamika pia kwamba sauti zote zinafanya kazi sawasawa hata haijulikani ipi ndiyo kuu. Angalieni neno lake, uasilia. Kwa vijana wa Zama za Mwangaza, yaani wakati ule watu walipoifanya akili kuwa kipimo cha mambo, akili haikumaanisha ugumu. Ilimaanisha uwazi, urahisi na maumbile yenyewe. Kilichofichika kilikuwa adui, kiwe fumbo la dini au fuga ya sauti sita.

Wasomaji wa Kiswahili ugomvi huu si mgeni kwetu. Tuliusikia kati ya washairi wa vina na mizani na wale wa mashairi huru, na hata leo ukiutaja mbele ya wazee wa ushairi, chai itapoa. Mhadhiri mmoja wa balagha wa Leipzig, Birnbaum, alimtetea Bach mwaka 1738, akasema ufundi hauuharibu uasilia bali huusaidia. Sitaficha upande wangu: nakubaliana na Birnbaum. Lakini Scheibe hakuwa mjinga, na sisi tulioketi kwenye viti vya kanisa tukisikiliza kwaya zinazopigania kumaliza wimbo mgumu tunamwelewa.

Tena Scheibe hakuwa peke yake katika kudai urahisi. Wapietisti, waliomfukuza mwanafalsafa, nao waliutilia shaka muziki wa kanisa uliokuwa na madoido mengi, wakapenda tenzi nyepesi ambazo muumini anaweza kuziimba machozi yakimtoka. Wanafalsafa walidai muziki mwepesi kwa jina la maumbile, wachaji wakaudai kwa jina la moyo. Maadui wawili, dai moja. Mzee wa Leipzig alikuwa katikati.

Na ndani ya shule yake mwenyewe? Mkuu wa Shule ya Mtakatifu Thomas tangu 1734 alikuwa Johann August Ernesti, msomi wa Kilatini na Kigiriki ambaye baadaye alifundisha kwamba Agano Jipya lisomwe kwa kanuni za lugha kama kitabu kingine chochote. Hakuwa mpinga dini hata kidogo, ila aliamini kwamba wakati wa kijana ni wa vitabu. Inasimuliwa kwamba akimkuta mwanafunzi anafanya mazoezi ya fidla, alimuuliza kama anataka kuwa mpiga fidla wa vilabu vya pombe. Mwaka 1736, akiwa na miaka 29, aligombana na Bach juu ya nani ana haki ya kumteua kiranja wa kwaya. Ernesti alimteua kijana ambaye Bach alimwona hafai, na Bach akamfukuza kijana huyo kwenye jukwaa la waimbaji katikati ya ibada. Katikati ya ibada, ndugu zangu! Barua za malalamiko zikaenda kwa baraza la mji, zikarudi, zikaenda tena. Walimu wa kwaya mnaocheka hapo nyuma, nawaona.

Basi turudi Potsdam. Bach aliporejea nyumbani hakuiacha lahani ya mfalme. Miezi michache tu baadaye aliipeleka ikiwa imechapwa, pamoja na maneno ya kumtunukia mfalme yaliyotiwa tarehe 7 Julai 1747: fuga ya sauti tatu, ile ya sauti sita aliyodaiwa, kanoni kumi, na sonata moja, utungo wa vyombo, yenye sehemu ya filimbi ambayo mfalme angeweza kuipiga mwenyewe. Kanoni kadhaa aliziandika kama mafumbo, sauti moja tu ikiwa imeandikwa na mpigaji akitakiwa agundue nyingine inaingia wapi. Juu ya fumbo mojawapo aliandika maneno mawili ya Kilatini, "Quaerendo invenietis". Mnayajua maneno hayo. Yamo katika Mathayo sura ya 7: "Tafuteni, nanyi mtaona." Mfalme asiyejali sana Biblia alipelekewa Biblia ndani ya fumbo la hesabu. Na ile sonata ya filimbi? Ndani yake mmejaa vituo na migeuko laini ya mtindo mpya, ule uliopendwa na vijana wa Berlin. Mzee aliujua vizuri kabisa mtindo waliodhani haujui; ila katikati ya utamu huo lahani ya mfalme inatokea tena, chini kwenye besi, nzito kama nanga.

Bach akafariki tarehe 28 Julai 1750. Baraza la mji lilikuwa limekwisha kumsikiliza mtu wa kumrithi mwaka uliotangulia, yeye akiwa hai. Kitabu chake cha mwisho cha fuga kilichapishwa, na kufikia mwaka 1756 nakala kama 30 tu ndizo zilizokuwa zimeuzwa, hata mwanawe akayatangaza mabamba ya shaba ya kuchapia yauzwe. Mwana huyo huyo, katika kitabu chake cha upigaji kinanda cha mwaka 1753, alifundisha kwamba mwanamuziki hawezi kuwagusa wengine asipoguswa yeye kwanza. Hesabu imetoka mlangoni, hisia imeingia.

Ng'ambo ya bahari, Uingereza, mambo yalikwenda kwa njia nyingine, nami nitayapitia haraka. Charles Jennens alikuwa mtu tajiri aliyechukia fundisho la wale waliosema kuwa Mungu aliumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe. Jibu lake lilikuwa kukusanya mistari ya Biblia, bila kuongeza neno lake, akampa mtunzi Handel. Ikawa "Messiah", iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ukumbini na si kanisani, wanawake wakiombwa wasivae sketi zenye matao na wanaume waache panga nyumbani ili watu wengi zaidi waenee. Zilipatikana takriban pauni 400 za sadaka, na wafungwa 142 wa madeni wakaachiliwa. London, mwaka uliofuata, wapo walionung'unika kwamba Neno la Mungu linaimbwa katika jumba la maigizo. Kwaya zetu zinapoimba "Aleluya" ya Handel kanisani wakati wa Pasaka, zinaurudisha kanisani wimbo uliotungiwa ukumbi.

Sasa nawaletea mtu ambaye kwa maoni yangu anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa: Gottfried van Swieten. Baba yake, Gerard, alikuwa daktari wa Malkia Maria Theresa huko Vienna, na mwaka 1755 alishughulikia habari za vijiji ambako watu walikuwa wakifukua maiti wakiamini ni wanyonya damu. Akaandika ripoti ya kitabibu kuonyesha kuwa ni ushirikina, na malkia akapiga marufuku ufukuaji. Ndiyo nyumba alimokulia Gottfried, nyumba ya akili tupu. Akawa balozi Berlin, na mwaka 1774 aliandika barua akieleza kwamba Mfalme Friedrich alimwimbia kwa sauti kubwa lahani aliyompa mzee Bach, akasema kwamba Bach aliibunia papo hapo fuga ya sauti nne, kisha tano, kisha nane. Nane! Zilikuwa tatu, na ile ya sita ilikuwa juu ya lahani nyingine. Miaka 27 ilikuwa imezizidisha sauti kichwani mwa mfalme, na mimi huisoma barua hiyo kama ushahidi kwamba mfalme wa filimbi tamu hakupata kuusahau usiku ule.

Van Swieten alirudi Vienna akiwa na nota za Bach na Handel. Alisimamia maktaba ya kifalme, akawa mmoja wa watumishi wakubwa wa Kaizari Joseph wa Pili, ambaye kwa jina la akili na manufaa ya umma alifunga mamia ya nyumba za watawa, na mwaka 1783 akapunguza muziki wa vyombo katika makanisa ya Vienna. Mtunzi Joseph Haydn, aliyetunga misa mwaka 1782, hakutunga nyingine hadi 1796. Kumbe basi akili ndiyo iliyounyamazisha muziki wa kanisa? Subirini. Katika miaka hiyohiyo, kila Jumapili saa sita mchana, nyumbani kwa van Swieten walikusanyika wanamuziki, na mtunzi Mozart aliandika kwa baba yake Aprili 1782 kwamba hapo hapapigwi chochote ila Handel na Bach. Mtumishi wa mageuzi yaliyoubana muziki kanisani ndiye aliyeyafungua makabati ya nyumbani kwake. Mwaka 1789 Mozart alifika Leipzig, akaisikia kwaya ya Mtakatifu Thomas ikiimba moteti, yaani wimbo wa dini wa kwaya, ya Bach ya kwaya mbili, akauliza ni nini hicho. Kwa kuwa hawakuwa na nota kamili, akaletewa karatasi za kila sauti, akazitandaza mikononi, magotini na vitini, akazisoma zote.

Na ni van Swieten huyohuyo aliyemwandalia Haydn maneno ya Kijerumani ya "Uumbaji". Ni hadithi ya Mwanzo, lakini anguko la Adamu halimo. Kuna nyota, nyangumi, simba, na watu wawili wanaoshukuru. Ni imani ambayo mtu wa Zama za Mwangaza aliweza kuiimba bila kuona haya. Pembezoni mwa maneno hayo van Swieten alimshauri Haydn kwamba tamko "Iwe nuru" liimbwe mara moja tu, lisirudiwe. Haydn akasikia. Kwaya inaimba kwa sauti ya chini sana, "Mungu akasema, Iwe nuru", kimya kidogo, "ikawa", na juu ya neno "nuru" vyombo vyote na sauti zote zinalipuka katika Do kubwa, ufunguo ambao kila mtoto anayejifunza kinanda huanzia. Hakuna fumbo, hakuna sauti sita. Scheibe angepiga makofi, na sidhani kwamba Bach angeondoka chumbani.

Tarehe 27 Machi 1808 kazi hiyo iliimbwa katika ukumbi wa chuo kikuu cha Vienna kwa heshima ya Haydn, aliyebakiza siku chache atimize miaka 76. Alikuwa dhaifu, akaingizwa akiwa amebebwa kwenye kiti. Van Swieten hakuwapo, alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Ilipofika ile nuru, watu wakapiga makofi, na mzee akainua mkono kuelekea juu, akasema haikutoka kwake, imetoka kule. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, wakambeba kumrudisha nyumbani.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Waimbaji mliojitayarisha, simameni, fungueni ule ukurasa tulioupitia asubuhi, na mpiga kinanda atupe Do.